Kupiga picha milango ya kale ya Mji Mkongwe: mbona nakshi hazitoki?

Mwalimu wa Kikwajuni aliuliza:

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Nimekusudia kukusanya picha za milango ya kale ya Mji Mkongwe wa Unguja, hasa iliyoko mitaa ya Kiponda, Hurumzi, Malindi na Shangani, ili hatimaye zichapishwe kwa ukubwa na kutundikwa katika maktaba ya skuli ninayofundisha. Wanafunzi wangu wengi wanakaa Ng'ambo, yaani mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe. Huipita milango hiyo jioni wakienda Forodhani, lakini ni wachache wanaoweza kueleza tofauti kati ya mlango wenye kizingiti cha juu kilichonyooka na ule wenye tao, au kusema kwa nini milango ya maduka ya zamani ina miraba midogo midogo. Ningependa picha ziwafundishe hayo bila ya mimi kusimama pembeni na kuhadithia.

Ninazo simu ya kawaida na kamera ya zamani niliyoazimwa na kaka yangu, yenye lenzi ya milimita 18 hadi 55. Tatizo langu ni kwamba mlango ambao kwa macho unamfanya mtu asimame njiani, kwenye picha hugeuka ubao wa kahawia iliyoiva na nakshi zake hupotea, huku ukuta wa chokaa ukiwa mweupe kupita kiasi. Nimekuwa nikitoka alasiri, kwa sababu kila ninayemuuliza ananiambia kuwa huo ndio mwanga mzuri. Vichochoro navyo ni vyembamba mno, hata siwezi kurudi nyuma vya kutosha, na nikitumia lenzi pana miimo ya mlango, yaani nguzo zake za pembeni, huinama kwa ndani juu.

Nimetazama pia picha za milango ya Sidi Bou Said, kile kijiji cha Tunisia kilicho juu ya bahari ya Mediterania, ambako milango imepakwa rangi ya buluu na kupigwa misumari myeusi kwa mapambo. Picha zile zimepigwa juani, tena kutokea mbele moja kwa moja, na zinapendeza sana. Nikifanya hivyo hapa kwetu, sipati kitu. Naomba mnieleze sababu, na pia mnishauri kuhusu suala la ruhusa, kwa maana milango hii ni ya nyumba za watu.

Mpiga picha wa Vuga alijibu:

Wa alaykum salaam, mwalimu.

Nianze na huo mfano wako wa Tunisia, kwa sababu jibu limo humo humo. Uzuri wa mlango wa Sidi Bou Said umo katika rangi yake na katika mpangilio wa misumari juu ya ubao uliolala sawa: buluu juu ya ukuta mweupe, nyeusi juu ya buluu. Jua likiupiga usoni, rangi hung'aa na michoro ya misumari husomeka hata kwa mbali. Mlango wa Unguja haukuundwa hivyo. Fundi wetu alichimba mbao, na alichokiacha ni vimo viwili, kilichoinuka na kilichobonyea, vyote vikiwa vya rangi moja. Jicho hutambua nakshi kwa kile kivuli chembamba kinachoangukia ndani ya mfereji wa patasi. Mwanga ukitoka mbele hukifuta kivuli hicho, na kikifutika, nakshi nazo zimekwenda.

Unachokihitaji, basi, ni mwanga unaouparaza mlango, yaani unaopita kando ya uso wake badala ya kuugonga. Hapo ndipo ninapotofautiana na ushauri wa alasiri uliopewa. Alasiri ni nzuri kwa majumba ya Shangani yaliyoelekea baharini, kwa kuwa jua linateremka upande wa magharibi na kuyamulika kwa mwanga wa dhahabu. Lakini huo ni mwanga wa mbele, na huko Kiponda na Hurumzi haufiki kabisa, kwa sababu kuta za ghorofa tatu zinakuwa zimeshauziba.

Katika vichochoro, saa ya kutafuta nakshi ni karibu na adhuhuri, saa ambayo vitabu vingi vya upigaji picha vinaikataza. Kwetu jua hufika kileleni mnamo saa sita na dakika ishirini hivi, likitangulia au kuchelewa kidogo kulingana na mwezi. Mlango ulioelekea mashariki huparazwa na jua kutoka juu kuanzia kiasi cha saa tano na nusu hadi jua linapouacha ukuta; ulioelekea magharibi hupata zamu yake baada ya hapo. Kwa milango iliyoelekea kaskazini au kusini, angalia mwezi. Unguja iko kusini ya ikweta kwa nyuzi sita na kidogo, hivyo mwezi Juni na Julai jua la mchana hukaa upande wa kaskazini na mlango ulioelekea huko hupata mwanga, lakini uliotazama kusini hukaa kivulini mchana kutwa. Desemba na Januari mambo hugeuka. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua hupita utosini kabisa, na kwa muda mfupi kuta zote za kichochoro huwa katika hali moja.

Jua hilo la juu lina kasoro yake, nisikufiche: kizingiti cha juu kikiwa kimetokeza sana, kitamulikwa chenyewe vizuri na kuitia kivulini sehemu yote ya chini. Kwa hiyo litumie kwa vizingiti vyenye maandishi. Kwa mlango mzima mimi huchagua siku ya mawingu, na huchagua kwanza mahali kabla ya kuchagua saa. Tafuta mlango ulio karibu na mdomo wa kichochoro, pale kinapofunguka kwenye uwanja au barabara pana, kwa mfano vichochoro vinavyotokea Barabara ya Mizingani. Anga iliyo wazi upande mmoja inapeleka mwanga laini kutoka ubavuni, na ukitazama kwa makini utaona kila jani na kila pete ya mnyororo uliochongwa vikiwa na upande mwangavu na upande wa giza. Masika ina siku nyingi za namna hiyo, ingawa itabidi uwe na mwavuli.

Kuhusu weupe wa ukuta: kamera hupima wastani wa yote inayoyaona, na chokaa ikishika nusu ya picha, kamera hudhani mandhari yote ni meupe na hupunguza mwanga, ndipo mbao zinapokuwa giza. Gusa kioo cha simu pale unapoonekana ubao wenye nakshi, shikilia hadi kipimo kifungwe, kisha shusha mwanga kidogo tu ili njumu za shaba, ile misumari mikubwa ya mapambo, zisiungue kwa weupe. Ukuta ukizidi kuwa mweupe, uache. Hukuja kupiga picha ya ukuta. Ukiijaza fremu kwa mbao tupu kosa hugeuka, kwani kamera huongeza mwanga na mbao za kale huonekana kijivu kilichochujuka, basi hapo ushushe zaidi.

Na usitumie lenzi pana ya simu. Miimo inainama kwa sababu unainua kamera kutazama juu. Isimamishe kamera wima, mbele ya katikati ya mlango, na uso wake uwe sambamba na mbao. Kama mlango hauingii wote, upige vipande viwili au vitatu vinavyopandana, ukipanda kutoka chini kwenda juu bila ya kuinamisha kamera, kisha uviunge kwa programu. Stendi ndefu ya miguu mitatu husaidia, mradi usiifunge njia, maana Vespa zinapita.

Mkaazi wa Kiponda alijibu:

Mwanangu mwalimu, kaka wa Vuga amekueleza ya jua, nami nitakueleza ya ndani, kwa kuwa nimeishi nyuma ya mlango mmoja wa namna hiyo tangu kuolewa.

Piga hodi. Wapo watakaokwambia kwamba mlango uko njiani na kwa hiyo ni wa kila mtu, na kweli hakuna atakayekushika mkono ukiupiga picha ukiwa umefungwa. Lakini wewe si mpita njia. Utasimama pale nusu saa ukingoja jua, utaukaribia mlango hadi kuugusa, na ndani watu watasikia nyayo zisizoondoka. Hodi moja inatosha kuwatoa wasiwasi, tena mara nyingi itakupatia kile ambacho kamera haikupi: nani aliukarabati, mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, ulibadilishwa lini, kitasa kipya kiliwekwa kwa sababu gani. Ukiitikiwa na mtoto, mwambie akamwite mkubwa, na usiridhike na ruhusa yake.

Mlango ukiwa wazi, usipige. Si kwamba ndani pana siri. Milango hii ilitengenezwa hivyo ilivyo ili kinachoonekana nje kiwe kile ambacho mwenye nyumba amekubali kukionesha, na wanawake wakae ukumbini kwa starehe yao. Nimeona picha ya nyumba ya jirani yangu ikiuzwa kwenye kadi, nakshi zimetoka vizuri mno, na katikati ya mlango anaonekana bibi wa watu amekaa anachambua mchele, hana habari. Hakuna aliyemuuliza, na hadi leo familia yake haijalisahau jambo lile.

Barazani pia pana wenyewe. Wazee wakiwa wamekaa, toa salamu, kaa kidogo, eleza kazi ya skuli, halafu ndipo uitoe kamera. Wao wenyewe watasogea, au watataka wawemo kwenye picha, na kwa maoni yangu ukiwaacha wawemo picha itakuwa ya kweli zaidi. Kaka huyo labda hatakubaliana nami, maana wapiga picha hupenda mlango ulio peke yake. Epuka wakati wa sala, na mwezi wa Ramadhani usije alasiri, watu wamo jikoni.

Jambo la mwisho, usiumwagie maji mlango wa mtu ili mbao zikolee rangi. Nimewahi kuwafukuza vijana wawili kwa hilo.

Fundi wa milango alijibu:

Mwalimu, salamu. Nimekaa na patasi kwa muda mrefu, basi nitasema machache kuhusu kitu gani upige, kwa sababu picha ya mlango mzima haitawafundisha wanafunzi wako mengi.

Anza chini. Kwenye miimo ya milango mingi ya zamani, nakshi huanzia karibu na kizingiti cha chini kwa samaki au mistari ya mawimbi, kisha mmea hupanda juu kwa majani na maua hadi kufika kwenye kizingiti cha juu, na ukingoni kabisa mnyororo huzunguka fremu yote. Ile sehemu ya chini ndiyo inayokufa kwanza, kwa maji ya mvua yanayoruka kutoka njiani, maji ya kudekia na magurudumu ya baiskeli yanayoegemezwa. Ukipata samaki ambaye magamba yake bado yanahesabika, mpige picha peke yake, kwa karibu, kabla hajafutika. Baadaye upige mfaa, ule mti wa katikati unaofunika pale vipande viwili vinapokutana, halafu pete na mnyororo wa kufungia, halafu njumu.

Kuhusu maana za nakshi, uwe mwangalifu. Utaambiwa kuwa mnyororo ni ulinzi, tende ni neema, samaki ni uzazi, na yungiyungi limetoka mbali. Huenda mengine ni kweli, lakini mafundi wengi walichonga kile alichochonga mwalimu wao na kile mteja alichokiona kwa jirani akakipenda. Habari ya njumu za kuzuia tembo nayo ni ya Bara Hindi. Hapa Unguja, ambako hapana tembo, shaba ilikuwa pambo na dalili ya uwezo. Waandikie watoto kwamba watu husema hivi, isiwe kwamba ndivyo ilivyo.

Tofauti uliyoitaja ni ya msingi na inafaa iwe ndiyo mpangilio wa ukuta wako wa maktaba. Vizingiti vilivyonyooka ni vya mtindo wa kale zaidi, na matao ya nusu duara yalishika sana kuelekea mwisho wa karne ya 19, wakati mkono wa mafundi wa Kihindi ulipozidi kuonekana na majumba makubwa yalipokuwa yakijengwa, baada ya Sultani Sayyid Barghash kujenga jumba lake la Beit al-Ajaib mwaka 1883. Ile ya miraba midogo inayokunjika ni ya Kigujarati, na ilifaa maduka kwa kuwa mwenye duka aliweza kuikunja yote pembeni na kuiacha bidhaa yake ionekane. Mbao bora zilikuwa za msaji zilizokuja kwa bahari, na nyingine za mfenesi na mvule. Msaji ndio uliohimili chumvi.

Sasa tarehe. Vizingiti vingi vina aya na mwaka wa Hijria, na hapa ndipo mwanga wa kuparaza aliousema mpiga picha utakapokufaa kuliko popote. Katika tarakimu za Kiarabu tano ni kiduara, sifuri ni nukta tu, na tofauti ya mbili na tatu ni kijino kimoja. Rangi ikipakwa juu ya rangi kwa miaka mingi, kijino huzibika. Na tundu la msumari uliong'oka likikaa mahali pabaya, mtu hulisoma kuwa sifuri na kuukosea mwaka mzima. Piga tarakimu mara mbili, mwanga ukitoka upande huu na kisha upande wa pili, hata kwa tochi ya simu ya mwenzio iliyoshikwa ubavuni. Tundu hubaki na giza pande zote mbili, ilhali nukta iliyochongwa ikiinuka hutupa kivuli kinachohama. Ukishaupata mwaka, uzidishe kwa 0.97 kisha ujumlishe 622. Mwaka 1306 utakupa 1888 na ushei, na kweli mwaka ule ulianza Septemba 1888 ukaisha Agosti 1889.

Usidhani, hata hivyo, kwamba tarehe ya mlango ni tarehe ya nyumba. Milango imehamishwa, imeuzwa, imepelekwa mahotelini na ng'ambo ya bahari. Tena mingine imechongwa juzi kwa mtindo wa zamani na kupakwa dawa ya kuizeesha, na sisi mafundi ndio tunaoifanya kazi hiyo, sina haja ya kuificha. Mpya utaitambua kwa pembe za nakshi ambazo bado ni kali, kwa njumu zilizolingana zote, na kwa kizingiti cha chini ambacho hakijalika katikati kwa nyayo.

Mwalimu wa Kikwajuni aliandika:

Shikamoo mama, shikamoo fundi, na ahsante sana kaka wa Vuga. Nimekwenda Hurumzi kabla ya adhuhuri na nikaona kwa macho yangu jinsi maandishi ya kizingiti yanavyochomoza jua linapoupara ukuta, kisha yakafifia muda mfupi baadaye. Nilipiga hodi kama nilivyoelekezwa, na mwenye nyumba akaniruhusu nisimame ndani ya mlango wake wa upande wa pili wa kichochoro ili nipate nafasi ya kurudi nyuma.

Nimebakiwa na maswali mawili. Nyaya za umeme, mita na viyoyozi vimejaa juu ya milango mingi. Je, nivifute kwa programu? Na picha za simu zinaweza kuchapishwa kwa ukubwa gani?

Mpiga picha wa Vuga alijibu:

Nyaya ziache, mwalimu, angalau katika nakala moja. Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, na Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe imekuwepo tangu 1985, lakini bado vitu huanguka na hubadilika: Beit al-Ajaib yenyewe iliporomoka sehemu tarehe 25 Desemba 2020, na walioanza kuijenga upya walihitaji picha zinazoonesha jengo lilivyokuwa, si lilivyopendeza. Waya uliopigiliwa juu ya nakshi ni habari pia. Ukitaka nakala safi ya kutundika, badilisha pembe yako au ukate picha chini ya waya, lakini usichore upya kwa programu sehemu iliyofichwa, kwa sababu programu itabuni nakshi ambayo hakuna fundi aliyewahi kuichonga.

Kuhusu wazee wa barazani nakubaliana na mama kuliko anavyodhani. Piga picha moja wakiwemo, kwa ridhaa yao, na nyingine watakaponyanyuka kwenda kusali.

Kwa uchapaji, picha ya simu yenye pikseli 4000 kwa urefu ikichapishwa kwa kimo cha sentimita 50 hubaki na nukta 80 katika kila sentimita, na hiyo inatosha kabisa kwa ukuta wa maktaba. Ukiunga vipande vitatu kama nilivyokueleza utaweza kufika mita moja. Kila faili lipe jina la mtaa, upande mlango ulikoelekea, na tarehe ya kupigwa, usitegemee kumbukumbu. Na ukifika dukani, omba karatasi isiyong'aa, kwa sababu mbao za rangi iliyoiva zikichapishwa kwenye karatasi ya kung'aa hurudisha taa za chumba, na nakshi ulizozihangaikia zitapotea tena.